Chupa Aliyoiacha Ngassa

Yuster alikuwa na desturi moja tangu mume wake aondoke. Kila asubuhi, akimaliza kufagia uwanja, alisimama na ufagio mkononi akaitazama njia. Njia ile ilipita katikati ya mashamba ya mihogo ya Nyantakara, ikashuka bondeni, ikapotelea huko. Mwishoni mwa mwezi wa sita, Ngassa aliishika njia hiyo na ng'ombe kumi na wanane, yeye na kaka yake Shibuda. Walikwenda kutafuta malisho ya mbali, upande wa Kigoma, maana nyasi za kwao zilikuwa zimekauka.

"Mvua zikishika, nitarudi," Ngassa alisema siku ile.

Wakati huo Yuster alikuwa na mimba ya miezi saba. Mtoto alizaliwa mwezi wa nane. Alikuwa wa kike, wakamwita Selestina. Baba yake alimjua kwa jina tu.

Nyumbani Yuster alibaki na mama mkwe wake. Alimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Mayu alikuwa mwanamke wa kazi. Alimsaidia kuchota maji, kumwogesha mtoto na kupika. Lakini Mayu hakuweza kuijaza nafasi ya Ngassa. Jioni Yuster alipoketi kula, bado aliacha nafasi mkekani, upande wa kulia, mahali alipozoea kukaa mume wake.

Kule malishoni simu hazikushika. Jumapili tu, saa sita mchana, Ngassa alipanda kilima chenye mtandao akapiga simu. Walizungumza dakika tano au sita. Kisha sauti yake ilikatika, na Yuster akaanza kuhesabu siku upya.

Katikati ya mwezi wa tisa Yuster alishikwa na mafua. Mafua yalipona, kikohozi kikabaki. Kilikuwa kikavu, cha kukwaruza koo. Kilimzidi akiwa jikoni. Jiko lao lilikuwa kijumba kidogo cha tofali, bila dirisha, na kuni za siku zile zilikuwa mbichi. Moshi ulijaa hadi machozi yakamtoka.

Siku moja alipokuwa akipanga nguo za Ngassa, aliona chupa juu ya kabati. Ilikuwa chupa ya dawa ya kikohozi. Ngassa aliinunua gulioni kwa mchuuzi kabla ya safari, akanywa nusu, akaiacha. Karatasi yake ilikuwa na maandishi ya kigeni.

Yuster aliifungua akainusa. Alikumbuka harufu ile mdomoni mwa mume wake. Alikunywa kijiko kimoja.

Kikohozi kilitulia. Na jambo jingine likatokea ambalo hakulitegemea. Mwili ulilegea, kichwa kikawa chepesi, na ule uchungu wa kumkosa Ngassa ukalainika. Aliweza kumfikiria bila kifua kumbana. Alilala usingizi mzito mchana ule, mtoto ubavuni.

Kesho yake alikunywa vijiko viwili, asubuhi na jioni. Baada ya wiki moja hakutumia kijiko tena. Aliiweka chupa mdomoni na kumeza. Ilipokwisha, alimtafuta yule mchuuzi gulioni. Mchuuzi hakumuuliza kama ananyonyesha wala anaumwa nini. Alimpa chupa mbili.

Yuster alianza kukosa choo kwa siku tatu, nne. Alisinzia akikoroga uji. Siku moja ugali uliungua sufuriani naye amekaa hapo hapo, macho wazi.

"Mwanangu, umechoka sana," Mayu alimwambia.

"Ni kunyonyesha tu, Mayu," Yuster alijibu.

Selestina naye alibadilika. Zamani alilia kwa nguvu akiwa na njaa. Sasa alilala na kulala. Akiamshwa alinyonya kidogo, kisha akalegea tena titi likiwa mdomoni.

"Mtoto mpole huyu," Mayu alisema kwa furaha. "Hasumbui kabisa. Ngassa alikuwa akilia mpaka majirani wanakuja."

Wote wawili waliona ni baraka.

Jumapili moja Ngassa alipiga simu kama kawaida.

"Mama Sele, habari za huko?"

"Nzuri, Baba Sele. Wewe je? Ng'ombe?"

"Wapo. Mmoja amezaa. Kikohozi chako?"

"Afadhali."

"Na binti yangu? Leo niwekee simu mdomoni mwake. Nataka kumsikia."

"Amelala."

"Jumapili iliyopita alikuwa amelala. Ile ya nyuma yake pia. Mtoto gani halii? Nimepanda kilima hiki kwa ajili yake, Yuster. Sijui hata sauti yake ikoje."

Maneno yale yalimchoma Yuster. "Subiri, namwamsha."

Alimtikisa mtoto taratibu. Selestina hakufungua macho. Alimfinya unyayo kidogo. Mguu haukuvutwa. Alimwinua, na shingo ikaanguka nyuma kama ya mwanasesere wa kitambaa.

"Mayu!" aliita. "Mayu, njoo!"

Mayu alikuja mbio kutoka jikoni. Aliweka shavu lake karibu na pua ya mtoto. "Anapumua," alisema, "lakini mbona polepole hivi? Tazama midomo yake!"

Midomo ya Selestina ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu.

Simu ilikuwa chini mkekani. Sauti ya Ngassa ilitoka ndani yake, ndogo na ya mbali. "Mama Sele? Kuna nini? Mama Sele!" Kisha mtandao ukakatika.

Yuster alimbeba mtoto akakimbia bila viatu. Alikimbia hadi duka la dawa la Mwanaharusi. Mwanaharusi alikuwa mama wa makamo. Wazazi wake walikuja na biashara kutoka pwani, na yeye mwenyewe alisomea kazi ya kuuza dawa muhimu. Watu wengi walimwita Mama Swabaha, kwa jina la binti yake.

"Mama Swabaha, nisaidie! Mtoto haamki!"

Mwanaharusi alimpokea, akamlaza juu ya meza, akatazama kifua chake na saa ya ukutani. Alihesabu kimya kwa dakika nzima.

"Pumzi kumi na mbili tu," alisema. "Mtoto wa wiki sita huvuta arobaini na zaidi. Umempa nini?"

"Sijampa kitu. Maziwa yangu tu."

"Homa alikuwa nayo?"

"Hapana."

Mwanaharusi alifunua ukope wa mtoto kwa kidole. Mboni ya jicho ilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Akamgeukia Yuster, akamtazama na yeye machoni.

"Na wewe, mwanangu? Wewe umekunywa nini?"

Yuster alisita. Aliona aibu. "Dawa ya kikohozi."

"Ipi? Iko wapi?"

Mayu alikuwa amefika, anahema. Mkononi alikuwa na simu ya Yuster na ile chupa. Aliiona chini ya mto akaichukua tu, bila kujua kwa nini. Mwanaharusi aliisoma mara moja, akaitia mfukoni.

"Ina kodeini," alisema. "Twende. Nitaeleza baadaye."

Alipiga simu kituo cha afya ili wajiandae. Akamwita kijana wa bodaboda aliyekuwa nje. Walipanda Mwanaharusi na Yuster, mtoto katikati yao, na Mayu akamtia Yuster simu mkononi.

"Shika kichwa chake kikae sawa, kidevu kisikandamize kifua," Mwanaharusi alisema, sauti yake ikishindana na pikipiki. "Msugue nyayo. Mwite jina. Usiache."

"Selestina," Yuster aliita. "Sele. Sele mwanangu. Baba yako anakusubiri. Sele."

Njia nzima aliita. Vumbi liliwaingia machoni. Mara mbili Yuster alidhani pumzi imekatika, na mara mbili kile kifua kidogo kikapanda tena.

Daktari Idefonsi alikuwa mlangoni pa kituo cha afya. Alimchukua mtoto, akamwekea puani na mdomoni kifaa cha mpira cha kumsaidia kupumua, huku muuguzi akikibonyeza. Mwanaharusi alimpa chupa. Daktari aliitazama, akaagiza dawa fulani. "Hii inazima nguvu ya kodeini," alisema, akamchoma mtoto sindano ndogo pajani.

Yuster alisimama ukutani. Hakuomba kwa maneno. Alikuwa akitazama vidole vya miguu ya mtoto.

Kidole gumba kilijikunja. Kisha mguu mzima ukarusha teke. Selestina alikunja uso, akafungua mdomo, akalia. Alilia kwa hasira, kilio kirefu kilichosikika hadi nje kwenye benchi la wagonjwa.

Yuster alikaa chini sakafuni akalia naye.

Simu yake ililia wakati huo huo. Ngassa hakuwa ameshuka kilimani. Alikuwa amepiga na kupiga tangu saa sita, na sasa ilikuwa inakaribia saa tisa.

Yuster alibonyeza kupokea. Aliinyoosha simu kuelekea kitandani.

Kilio cha mtoto kiliendelea. Baadaye Yuster alisikia pumzi nzito simuni, na akajua kwamba mume wake pia analia.

"Ndiye huyo?" Ngassa aliuliza.

"Ndiye."

Ilibidi wakae siku tatu. Daktari Idefonsi alisema dawa ile ya sindano inaweza kuisha nguvu kabla kodeini haijatoka mwilini, kwa hiyo mtoto lazima aangaliwe. Siku mbili za kwanza Selestina alipewa maziwa mengine kituoni. Yuster alikamua ya kwake, akayamwaga. Hicho ndicho kilichomuumiza kuliko yote: kukaa na mtoto mwenye njaa mapajani, matiti yamejaa, asiruhusiwe kumpa.

Asubuhi ya siku ya pili Mwanaharusi alirudi na uji kwenye chupa ya chai.

"Shikamoo, Mama Swabaha."

"Marahaba, mwanangu. Umelala?"

"Sijalala. Miguu inatetemeka. Napiga miayo, natoka jasho. Na ..." Yuster aliinamisha kichwa. "Naitamani ile dawa. Hata baada ya haya yote. Mimi ni mama wa namna gani?"

Daktari Idefonsi alikuwa akipita, akasimama. Alivuta kigoda akakaa.

"Wewe ni mama uliyekunywa dawa bila kuijua," alisema. "Sikiliza nikueleze. Kodeini iko katika jamii moja na dawa kali za kutuliza maumivu, zile wanazopewa watu waliopasuliwa. Ubongo ndio unaotuamrisha tukohoe. Kodeini inaulaza ubongo usitoe amri hiyo. Kikohozi kinanyamaza, lakini kinachokufanya ukohoe bado kipo."

"Na mtoto? Sikumnywesha hata tone."

"Ilipita kwenye maziwa. Ubongo huo huo ndio unaotuamrisha tupumue. Ukiulaza sana, pumzi inapungua. Kwa mtoto mchanga kiasi kidogo tu kinatosha. Na kuna watu ambao miili yao huigeuza kodeini kuwa kali zaidi, haraka sana. Huwezi kumjua mtu huyo kwa kumtazama. Ndiyo maana mama anayenyonyesha hatakiwi kuinywa kabisa. Wala mtoto wa chini ya miaka kumi na miwili."

"Mchuuzi hakuniambia."

"Mchuuzi hakupaswa hata kuwa nayo," Mwanaharusi alisema. "Mimi mwenyewe dukani kwangu siruhusiwi kuiuza. Dawa hii hutolewa kwa cheti cha daktari, kwa mtu mmoja, kwa kipimo chake, kwa siku chache. Huwezi kumpa jirani iliyobaki. Huwezi kuichanganya na pombe wala vidonge vya usingizi. Watu wamekufa kwa hilo."

Yuster alisema polepole, "Haikuwa kikohozi tu. Nilipoinywa, nilikuwa simkumbuki sana Ngassa. Yaani nilimkumbuka, ila haikuuma."

Mwanaharusi alimshika mkono. Daktari alitikisa kichwa kukubali.

"Hapo ndipo inapomshika mtu," alisema. "Inatuliza na moyo. Kisha mwili unaizoea, unataka zaidi. Huo ndio mwanzo wa uraibu. Wewe umeitumia wiki tatu, kwa hiyo kutetemeka huku kutakwisha ndani ya siku chache, na tuko hapa tukuangalie. Aliyeitumia miezi mingi asiache peke yake ghafla. Aje kwetu, tumpunguzie kidogo kidogo. Hatumgombezi mtu."

Kisha alimpa kikopo chenye kifuniko. "Umekohoa zaidi ya wiki mbili. Kikohozi cha namna hiyo hupimwa kifua kikuu. Kesho asubuhi, kabla hujala, kohoa kutoka ndani kabisa, utemee humu."

Majibu yalitoka mchana wa siku ya tatu. Hapakuwa na kifua kikuu. Daktari alimsikiliza mapafu, akamuuliza anapikia wapi, anapikia nini. Yuster alimweleza kuhusu jiko na kuni mbichi.

"Mafua yalikwangua koo, na moshi haukuliacha lipone," daktari alisema. "Dawa yako ya kwanza ni dirisha."

Waliporudi nyumbani, Mayu alikuwa ameshaanza. Mwanaharusi alikuwa amempigia simu kumwambia. Mayu alitoboa ukuta wa jiko kwa jembe, akatoa tofali sita upande upepo unakoelekea. Uso wake ulikuwa umejaa vumbi jekundu.

"Nilimsifu kwa kulala," alimwambia Yuster, akimpokea mjukuu. "Nilisema ni mpole. Nisamehe, mwanangu."

"Hata mimi nilifurahi, Mayu."

Kuni walianza kuzianika juani kabla ya kuzitumia. Yuster alikunywa maji ya uvuguvugu mara nyingi kwa siku, akasukutua koo kwa maji yenye chumvi. Mayu alileta asali ya msituni kutoka kwa mfuga nyuki, wakaitia kijiko kimoja katika maji ya moto yenye limau. Siku ya kwanza Mayu alichovya kidole katika asali ili ampake mtoto ulimini. Mwanaharusi, aliyekuja kuwatazama, alimdaka mkono.

"Hapana, bibi. Asali ni ya mtu mzima, na ya mtoto aliyetimiza mwaka. Kwa mchanga inaweza kuleta ugonjwa mbaya. Huyu maziwa ya mama yanamtosha."

"Loo! Mambo ni mengi," Mayu alisema, akakilamba kidole mwenyewe.

Mwanaharusi aliwaambia pia wasikae na kikohozi kinachotoa damu, au chenye homa kali, maumivu ya kifua, kupungua mwili au kukosa pumzi. "Hicho msikipikie asali. Njooni kituoni siku hiyo hiyo." Chupa iliyobaki aliichukua, akaipeleka kituo cha afya ikateketezwe.

Kikohozi kilipungua siku hadi siku. Wiki ya tatu kiliisha.

Hamu ya kumwona Ngassa haikuisha. Ilirudi yote, kali kama mwanzo, sasa kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kuilainisha. Siku nyingine Yuster aliiacha ije tu. Alimweleza Mayu, na Mayu, ambaye mume wake alikufa zamani huko Shinyanga, alimweleza ya kwake. Walikuwa hawajawahi kuzungumza hivyo. Jumapili walikwenda wote kwenye mti wenye kivuli karibu na barabara, kungoja simu. Ngassa alisema mvua huko zimeanza kunyesha, lakini mto umejaa na ng'ombe hawawezi kuvuka bado.

"Mwezi mmoja," alisema.

"Ulisema hivyo mwezi uliopita," Yuster alijibu.

"Najua. Yuster, chupa ile niliiacha mimi."

"Uliiacha wewe, nikainywa mimi. Sasa tunajua. Ukipita gulioni huko, ukiiona, usiinunue."

"Siinunui."

Mwezi wa kumi na moja, siku ya kliniki ya watoto, muuguzi alimwomba Yuster awaeleze kina mama wenzake. Walikuwa kama thelathini, wamekaa kwenye mabenchi na juu ya khanga chini, wakisubiri watoto wapimwe uzito. Yuster hakuwa mtu wa kusema mbele ya watu. Alisimama, Selestina mkononi, mnene sasa, akivuta hereni ya mama yake. Akaeleza kama ilivyokuwa. Alieleza kuhusu usingizi wa mtoto na sifa alizopewa. Alieleza kuhusu shingo iliyoanguka. Hakuficha hata ile raha ya dawa. Wengine walicheka kwa aibu, wengine wakawavuta watoto wao karibu.

Alipomaliza, watu waliinuka kwenda kwenye mizani. Mwanamke mmoja alibaki kwenye benchi. Jina lake Esperansia, mgeni, alihamia Nyantakara mwaka ule. Mume wake alikuwa machimboni, miezi mitano sasa. Mtoto wake alikuwa amelala mapajani.

Alipoona wako wawili tu, alifungua fundo la khanga yake. Ndani mlikuwa na chupa. Yuster aliitambua kwa rangi tu.

"Naipata kwa mchuuzi yule yule," Esperansia alisema kwa sauti ndogo. "Wangu anaamka bado. Jana alikawia kidogo."

Yuster aliinama akamgusa mtoto unyayo. Mtoto alivuta mguu, akafungua macho.

"Leo usimnyonyeshe mpaka daktari amwone," Yuster alisema. "Yupo ndani. Hatakugombeza. Nitaingia na wewe."

Esperansia hakuinuka. "Kikohozi naweza kukivumilia," alisema. "Hata asali nitatafuta. Ila kule kumkosa mtu, dada. Kwa hilo umepata dawa gani?"

Yuster aliketi kando yake. Angependa kuwa na jibu zuri.

"Sijapata," alisema. "Bado namngoja wangu. Asubuhi nikiamka nalia kidogo, kisha nafanya kazi. Ukitaka, njoo nyumbani tukae wote."

Esperansia alimpa chupa, akambeba mtoto wake, na wote wawili wakaingia kwa daktari.